Nimesusa Kura, na Baba Amenisusa Mimi

Shikamoo Khala,

Safu yako naisoma siku nyingi, hasa barua za mawifi na za mikopo ya chama, nacheka peke yangu kibandani mpaka wateja wananishangaa. Sikudhani nami nitakuandikia, tena si kwa jambo la mume. Mume wangu hana neno. Mzozo wangu ni na baba, na umezuliwa na uchaguzi ambao hata haujafika.

Nina miaka 33 na watoto wawili. Nakaa Likoni, na nauza mitumba Kongowea. Nimepiga kura 2013, 2017 na 2022. Hiyo ya 2022 nilipanga foleni mara mbili, kwa sababu Agosti 9 karatasi za ugavana wa Mombasa zilikuwa na kasoro, tukaambiwa turudi Agosti 29. Nilirudi. Siku mbili nzima nimefunga kibanda kwa ajili ya kura, na hakuna aliyenifidia hata nauli ya kutoka kwetu mpaka sokoni.

Mheshimiwa wetu wa wadi alipokuja kuomba kura alisimama kwenye bomba la mtaa, akalipiga kofi kama mtu anayemsifu ng'ombe wake, akasema siku mia moja haziishi kabla halijatoa maji. Bomba lile leo watu wanaanikia nguo. Maji nayanunua kwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na siku ambazo mauzo ni mabaya nachagua kati ya kufua na kupika. Hajarudi tena. Simu yake nilikuwa nayo, sasa haiingii.

Sikukuu ya Idi tulikuwa kwa baba, biriani iko katikati. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19 na amepata kitambulisho majuzi. Baba akamwambia aende akajiandikishe kuwa mpiga kura. Mimi bila kufikiri nikasema, "Usijisumbue. Mimi mwenyewe sipigi tena." Baba akalirudisha tonge kwenye sinia. Akasema kura ni ushahidi, na mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Khatibu alilisema msikitini na yeye analiamini. Mimi nikamjibu, Khala, na najuta nilivyojibu, kwamba ushahidi wake wa miaka arubaini haujaleta hata mtungi mmoja.

Tangu siku hiyo hasemi nami. Nikipiga simu anapokea mama, nami namsikia yeye akikohoa nyuma. Nikimpelekea chakula, sahani inarudi imeoshwa, tupu. Unajua kwetu sahani hairudi tupu. Na mdogo wangu amepata kisingizio: akiambiwa ajiandikishe anasema, "Muulizeni dada."

Kuna na jambo jingine, hili naona haya kuliandika. Kwenye chama chetu cha mikopo amekuja mama mmoja anayemfanyia kazi mtu anayetaka kiti. Ametugawia leso, akapiga picha vitambulisho vyetu, na amesema karibu na siku yenyewe atakayemwachia kitambulisho mpaka jioni atapata elfu mbili. Hataki tumpigie mtu wake. Anataka tusipige kabisa. Nikawaza, kama sipigi kwa vyovyote, kuna ubaya gani nikipata ada ya mtoto?

Nijibu, Khala. Ni lazima mtu apige kura kila mara? Na baba nimfanye nini?

Aliyechoka, Likoni

*

Marahaba mwanangu, na pole na mitungi.

Naanza na hilo ulilolionea haya, mengine yanaweza kungoja. Kitambulisho chako usimwachie mtu hata kwa saa moja, hata awe shoga yako wa utotoni. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 haimkamati mtoa hongo peke yake. Anayepokea ili apige kura, au ili asipige, naye yumo. Na hizo picha zinanikera kuliko leso. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa uanachama wa vyama wasivyovijua, na namba ya kitambulisho ndiyo iliyotumika. Ingia eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, ujiangalie. Ukijikuta kwenye chama usichokijua, jiondoe. Waambie na wenzako wa chama chenu cha mikopo.

Halafu itazame biashara yenyewe, wewe ni mtu wa soko. Umenijazia barua nzima ukinieleza kwamba kura yako haina kazi, kisha mwanamke mzima amevuka mtaa na elfu mbili mkononi ili isipigwe. Nguo iliyochanika hakuna anayeiuliza bei.

Sasa swali lako. Kwa sheria ya Kenya, si lazima. Kifungu cha 38 cha Katiba kinakupa haki ya kuandikishwa na ya kupiga kura kwa siri. Usipokwenda hakuna anayekuuliza. Ziko nchi zinazouliza. Australia waliifanya kura kuwa lazima mwaka 1924, kwa sababu uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Uliofuata, wa 1925, walipita 90. Brazil nako ni lazima kwa wengi walio kati ya miaka 18 na 70. Mimi siitamani sheria hiyo huku kwetu. Askari wa hapa kukusimamisha wana sababu za kutosha, tusiwaongezee ya kukukagua wino kidoleni.

Kwa hiyo sikwambii umevunja sheria. Nakwambia umeshika silaha isiyokufaa.

Kususa, mwanangu, kunamuuma anayekuhitaji. Mtazame baba yako. Amekususa, na jinsi ulivyo: kikohozi chake kwenye simu kinakutoa machozi, unahesabu sahani. Amekupata barabara, kwa sababu unampenda naye anajua. Wewe nawe umemsusia mheshimiwa wa wadi, lakini yeye hana habari. Hakujui. Na lau angejua angefurahi, kwani wewe u katika wale wanaolikumbuka lile bomba na lile kofi, na kila mmoja wenu anayebaki nyumbani siku hiyo ni kura moja ya kumwangusha iliyopotea yenyewe bila yeye kutoa hata leso. Nawe hata leso ulizogawiwa hujazisoma vizuri. Kuna moja ya zamani imeandikwa, "Ukisusa, wenzio wala."

Najua utaniambia kura moja ni tone baharini. Mara nyingi ni kweli, sitakudanganya. Lakini pita Malindi uende Magarini, si mbali. Mwaka 2022 aliyetangazwa mshindi wa ubunge alipata kura 11,946 na aliyemfuata 11,925. Tofauti ni 21. Matatu moja na nusu! Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ushindi ukafutwa mwaka 2024, na uchaguzi mdogo haukufanyika mpaka Novemba 27, 2025. Muda wote huo watu wa Magarini hawakuwa na mbunge. Nimewaza sana kuhusu abiria wa ile matatu moja na nusu: aliyekuwa amelala, aliyekuwa harusini, aliyesema kama wewe.

Hata ile foleni yako ya pili, ya Agosti 29, ina hesabu yake. Walioandikishwa Mombasa walikuwa 641,913. Gavana aliingia kwa kura 119,083, na aliyemfuata alikuwa na 98,105. Wajumlishe wote wawili, hawafiki hata 220,000. Walio wengi walikuwa majumbani mwao, na maji yao, takataka zao na masoko yao yakaamuliwa na wale wachache waliorudi kupanga foleni mara ya pili. Wewe ulikuwa mmoja wao. Mimi ningejivunia, badala ya kuhesabu nauli.

Lakini simpi baba yako ushindi wote. Neno "kila mara" ni zito, na mimi mwenyewe siku moja nilitoka kwenye foleni.

Ilikuwa 1988, kura ya mchujo ya KANU, ile ya mlolongo. Wewe hukuwa umezaliwa. Tulikuwa tunajipanga uwanjani nyuma ya mtu anayeshika picha ya mgombea, mchana kweupe, chifu anatazama na mwajiri wako anatazama. Aliyepata asilimia 70 ya watu kwenye mchujo alihesabiwa amepita bila kupingwa, uchaguzi wa siri haukumfikia. Nilikuwa msichana mwenye kazi mpya. Nilisimama kwenye mlolongo mrefu, niliouona kwa macho yangu, na nilisikia mfupi ukitangazwa mshindi. Watu walicheka kwanza wakidhani ni mzaha. Nilikuwa nimeshatoka kabla karani hajamaliza kusema, na mpaka leo sijutii. Pale hapakuwa na kura ya kususa, palikuwa na kuhesabiwa kama mbuzi. Miaka mitatu na kitu baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa, vyama vingi vikarudi, na Desemba 29, 1992 nikapiga kura ya siri kwa vyama vingi, nikatoka pale naona kama kidole changu kimevaa pete.

Kwa hiyo kususa kuna siku yake. Swali ni unasusa na nani, na nani atakukosa. Oktoba 26, 2017 tulirudia uchaguzi wa rais baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti. Upinzani ukasusia. Kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura hazikupigwa kabisa. Nchi nzima waliokwenda walikuwa chini ya wapiga kura wanne kwa kila kumi walioandikishwa. Je, kiti kilibaki kitupu? Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 98, Mahakama ya Juu ikaubariki ushindi Novemba 20, na Novemba 28 akaapishwa. Sheria yetu haiweki idadi ya chini ya watu wanaopaswa kujitokeza. Hata hivyo kususa kule kulisikika, kwa sababu kulikuwa kwa mamilioni kwa pamoja, na kulikuwa na mtu wa kukaa naye mezani; Machi 9, 2018 ndipo Uhuru na Raila Odinga walipopeana mkono. Wewe na bomba lako mna nani wa kumpa mkono?

Wengine hudhani wataonyesha hasira kwa kuiharibu karatasi. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya zaidi ya nusu ya kura anayohitaji mshindi wa urais. Unaweza kumwandikia mgombea matusi ya beti nne kwenye karatasi, atakayeyasoma ni karani aliyechoka na mawakala wawili watatu, kisha yatawekwa kando.

Ninalokushauri ni hili. Usihesabu kura kuwa moja, kwa sababu si moja. Agosti 10, 2027 utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wa wadi. Hasira yako yote uliyonieleza ni ya karatasi mbili, ya gavana na ya wadi. Maji ya bomba, zahanati, masoko, taka na shule za chekechea viko chini ya kaunti. Polisi ni mambo ya serikali kuu. Watu wetu huenda siku ile wakijua jina la rais wanayemtaka na la gavana, karatasi ya wadi wanaifuata rangi ya chama tu, wamalize waende zao. Kisha miaka mitano wanamlaani rais kwa bomba la mtaa! Wadi huamuliwa kwa kura elfu chache. Nyinyi kina mama mnaonunua maji kwa mkokoteni mkijijua mko wangapi, mgombea wa wadi atakuja kukaa kwenye mkeka wenu bila kuitwa, na safari hii mtamuuliza bajeti ya maji badala ya kumwangalia akipiga bomba kofi.

Hilo la ushahidi alilolisema baba, mimi si shehe, nakwenda nalo kwa adabu. Lakini nijuavyo, shahidi husimama kwa lile analolijua. Haombwi kushuhudia asiloliona. Kwa hiyo kama kwenye ugombea wa seneta humjui hata mmoja, au wote unawajua vizuri mno, iache karatasi hiyo wazi uitumbukize. Kila karatasi huhesabiwa peke yake. Ile tupu itakataliwa na zile tano zitabaki hai. Mwambie baba hivyo, nadhani atakuelewa. Na ukiwa mgonjwa siku hiyo, au mtaa umechafuka unaogopa roho yako, kaa nyumbani ufunge mlango, wala usimwombe mtu msamaha.

Kuhusu mdogo wako, usimruhusu ajifiche nyuma ya kanga yako. Vijana wa umri wake wana hoja nzito kuliko "muulizeni dada." Watakwambia barabara ndiyo debe lao, na mfano wanao: Juni 25, 2024 bunge liliupitisha Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, vijana wakaingia mpaka ndani ya Bunge, wenzao wakauawa, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Silibishi hilo, na waliokufa nawaombea. Lakini siku ile wabunge 195 waliunga mkono na 106 wakapinga, na kura zao zimeandikwa kwa majina. Wale 195 waliingia mule kwa debe, na 2027 wengi watakuja kwenu na tabasamu. Muulize mdogo wako kama mbunge wenu alikuwa upande gani siku ile. Kama hajui, ana kazi ya kufanya kabla hajanitolea hotuba. Kujiandikisha kunataka kitambulisho na kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya tume ya eneo bunge, alama za vidole zichukuliwe, basi. Akishaandikishwa, siku yenyewe ikifika ataamua mwenyewe aende au asiende. Asipoandikishwa atakuwa ameamuliwa.

Sasa baba.

Wewe ulimwambia ushahidi wake haujaleta mtungi mmoja, mbele ya mkewe na mwanawe, na mkono wake uko kwenye sinia. Hapo hapakuwa na uchaguzi, mwanangu, palikuwa na adabu. Lakini kuna jambo pengine hukuwahi kumuuliza. Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na siku zilizofuata majirani wenu waliotoka bara walichomewa nyumba na vibanda. Wengine walikimbilia kanisani hapo Likoni, wengine walivuka feri na hawakurudi tena. Kisha msako ukaja ukawakumba na vijana wa Pwani. Uchaguzi ulikuwa Desemba 29 mwaka huo huo. Watu wengi kadi zao za kura zilikuwa za Likoni na wenyewe hawakuwapo tena Likoni. Wewe ulikuwa na miaka minne. Yeye alikuwa mtu mzima, anaishi hapo hapo, na bila shaka kuna nyumba anazoweza kukuonyesha kwa kidole akakwambia hapa alikaa fulani. Mtu aliyeona wenzake wakifukuzwa kabla ya kura haichukulii kura kama wewe unayehesabu nauli. Sijui aliyaona yapi, ndiyo maana nakwambia ukamuulize.

Usimtume mtoto na chakula tena, peleka mwenyewe. Mwombe radhi kwa lile neno la mtungi, lile tu. Hulazimiki kumwahidi kwamba utapiga kura ili akusamehe, na akikushurutisha mwambie Khala amekataa. Mpe muda. Ukiona uso umelegea, muulize kuhusu 1997, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize, hata kama ni mpaka isha.

Na siasa usizianze kabla hajamaliza kula.

Khala